Gari la Nyumba Nalo Lataka Nahodha

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosemwa na mkalimani wa serikali huko Kipini, mbele ya madereva, mafundi, wavuvi na wazee wa mji. Tumeyapiga chapa yote ili na wale ambao hawakuhudhuria wapate faida.)



Yawapasa mjue tangu mwanzo ya kuwa mimi si fundi wa motokaa. Kazi yangu ni kufasiri maneno. Lakini kwa ajili ya kazi hiyo nimesafiri sana, nimefasiri vijitabu vingi vya kuwafunza madereva, tena nimelala usiku mwingi ndani ya gari, mahali pasipo na nyumba ya wageni. Majuzi vijana wawili wa hapa walinijia wakaniambia wamenunua gari kuukuu la abiria, nao wataka kuling'oa viti na kuligeuza liwe nyumba, wapate kuzunguka na biashara yao toka Malindi mpaka Garsen na Witu bila kulipia vyumba. Wakaniuliza, "Mwalimu, tufanyeje?" Nikaona afadhali niwajibu mbele ya watu wote, maana jambo hili lina faida kubwa, na hatari yake si ndogo.

Gari la nyumba ni gari lenye injini yake, na ndani yake mna kitanda, jiko, maji na taa. Jambo hili si geni duniani. Katika mwaka 1885 daktari mmoja wa Uingereza, William Gordon Stables, alitengenezewa nyumba ya magurudumu iliyovutwa na farasi, akasafiri nayo. Katika mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza vyombo vya kulalia na kupikia vya kutiwa ndani ya magari ya Volkswagen. Hapa Kenya, katika miaka ya 1950, magari ya sinema yalizunguka vijijini yakichukua mashine zao za umeme. Na siku hizi twaona magari ya zahanati, na ya wageni wanaopita kwenda Lamu.

Lakini ninyi watu wa Kipini mna mfano ulio mkongwe kuliko hiyo yote. Jahazi ni nini, kama si nyumba iendayo? Mna pa kulala, mna jiko, mna pipa la maji. Nanyi mwajua vema kwamba jahazi haliondoki bandarini kabla nahodha hajajua shehena iliyomo, ilipowekwa, na maji yaliyo katika ngama. Neno langu la leo ni hilo tu: gari la nyumba nalo lataka nahodha. Yote nitakayosema baada ya hapa ni maelezo ya neno hilo.

KUNUNUA

Mkitaka kuagiza gari kutoka ng'ambo, fahamuni kwamba kanuni za Kenya hazikubali gari lililokwisha kutumika kupita miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Mkinunua gari lililoko hapa nchini, msidanganyike na rangi mpya. Laleni chini, mtazame chesisi. Gongeni chuma kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, na chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya debe bovu. Ikiwa ndani kumekwisha tiwa mbao, fungeni milango kwa muda, kisha ingieni mnuse. Harufu ya uvundo ni dalili ya kuwa paa linavuja na mbao zinaoza.

Tena, gari likigeuzwa umbo lake, hapana budi mabadiliko hayo yaarifiwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, na hati zake zilingane na hali yake mpya. Waambieni na watu wa bima. Mtu aliyeficha jambo hili huenda akajuta siku ya ajali, atakapoambiwa kwamba gari lililokatiwa bima si hili. Kadhalika, dereva aangalie kama leseni yake yaruhusu gari la uzito huo.

UZITO

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kila gari lina kibati, aghalabu mlangoni au kwenye chesisi, kilichoandikwa uzito ambao halifai kuuzidi pamoja na mzigo wake wote. Mtu hukisoma kibati siku ya kununua, kisha hukisahau. Huongeza kitanda cha mbao, kabati, pipa, betri, na mtungi wa gesi, kila kitu kidogo kidogo, naye haoni uzito ukizidi.

Natufanye hesabu. Lita moja ya maji ni kilo 1. Kwa hiyo pipa la lita 200 ni kilo 200, nalo pipa lenyewe halimo katika hesabu. Watu watano wazima ni kama kilo 350. Hapo mmekwisha fika zaidi ya nusu tani, na bado hamjatia mbao, vyombo, chakula, spana, wala bidhaa za biashara. Kwa hiyo, gari likiisha kutengenezwa, lijazeni kama siku ya safari, na watu wake wote ndani, mkalipime katika mizani ya magari. Uzito ukizidi, toeni kitu. Wala msiseme "litavumilia tu." Litavumilia siku nyingi, kisha siku moja tairi litapasuka au breki zitakataa, na siku hiyo hamwezi kuichagua ninyi.

Namna ya kupakia mwaijua kuliko mimi. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na katikati, kama farumi ya jahazi. Pipa la maji lisiwekwe juu ya paa. Gari refu lenye uzito juu hupinduka upesi penye kona, na upepo wa kusi ukilipiga ubavuni huyumba. Kila kabati liwe na komeo. Breki za ghafula zikipigwa, sufuria iliyoko nyuma huja mbele kama jiwe la teo.

Andikeni pia urefu wa gari tangu chini hata juu, mkaubandike mbele ya macho ya dereva. Matawi ya miembe yetu yamekwisha ng'oa mapaa ya magari mengi ambayo wenyewe walidhani watapita.

MATAIRI NA BREKI

Tairi la gari la nyumba mara nyingi hufa kwa uzee kabla ya kulika, maana gari hukaa juani miezi mingi bila kwenda. Tazameni ubavuni pa tairi, kwenye herufi DOT. Mwisho wake mna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye nyufa ubavuni lisitumike, hata kama meno yake ni marefu.

Pimeni upepo asubuhi, kabla ya kwenda, tairi zikiwa baridi. Chukueni tairi la akiba lililo zima, jeki iwezayo kuinua gari lenye mzigo, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao huo, katika mchanga au tope jeki itazama na gari litabaki palepale.

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na pwani unyevu ni mwingi. Yabadilisheni kila miaka miwili. Na mteremkapo mlima mrefu, kama ule wa Mazeras kwenda Mombasa, tieni gia ndogo tangu juu, injini isaidie kulizuia gari. Dereva akanyagaye breki toka juu hata chini huzitia moto, na breki zenye moto hazishiki.

CHUMVI

Sisi twakaa mahali Mto Tana unapoingia baharini, na hewa yetu ina chumvi mchana na usiku. Chuma hakina rafiki hapa. Gari likitoka ufukoni lioshwe chini yake kwa maji baridi siku ile ile, si kesho. Lakini angalieni maji mnayochota: bahari ikijaa, maji ya mtoni karibu na mlango hupata chumvi, na kuosha gari kwa maji hayo ni kulipaka ugonjwa. Chukueni ya kisima, au ya mvua. Kila mwaka, kabla ya masika, kwangueni kutu, mpake rangi ya kuzuia kutu, na mzibe viungo vyote vya paa kama mnavyokalafati chombo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari la nyumba ufa ulio kama unywele huozesha sakafu nzima kwa mvua za mwaka mmoja.

NJIA NA MVUA

Watu wa zamani wanakumbuka magari yakivushwa Garsen kwa kivuko. Leo kuna daraja, na lami imefika mbali. Lakini lami haikuuondoa mto. Mwaka 1961 Tana ulifurika vibaya, na tena katika mvua za El Niño za 1997. Na katika Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya Lamu upande wa Gamba, abiria wakakwama na magari yao. Yeyote mwenye gari la nyumba aliweke jambo hili moyoni wakati wa masika na wakati wa vuli.

Kanuni ni hii: maji yanayokwenda mbio, hata yakiwa na kina cha sentimita 30 tu, yaweza kulielea gari dogo, yakifika sentimita 60 yaweza kuchukua karibu gari lolote. Gari la nyumba lina kuta pana, nayo maji huzisukuma kama tanga. Usipoiona barabara chini ya maji, usiingie. Wewe una kitanda na chakula garini mwako. Hiyo ndiyo faida ya gari hili kuliko yote. Kaa mahali palipoinuka, ungoje. Ni haya kubwa mtu mwenye nyumba mgongoni kufa maji kwa haraka ya kufika.

Udongo wetu mweusi ukilowa huganda katika magurudumu hata yasizunguke. Ukikwama, usikanyage mafuta kwa hasira, maana utalizika gari mpaka ekseli. Shuka, chimba mbele ya magurudumu, tia matawi au mbao, utoke polepole. Katika mchanga mkavu, punguza upepo wa tairi kama theluthi moja, uende taratibu. Ukifika njia ngumu uujaze tena kabla ya kwenda mbio.

Safirini mchana. Usiku kuna ng'ombe barabarani, kuna nyati, na kuna magari yasiyo na taa. Isitoshe, barabara hii ya Lamu imewahi kushambuliwa na watu wabaya. Kabla ya kuiingia, waulizeni polisi habari za siku ile, na shauri lao mlifuate.

MAHALI PA KULALA

Mkifika kijijini, msitie nanga tu mahali popote. Kila ardhi ina wenyewe, hata ile ionekanayo kuwa tupu. Huenda ikawa ni njia ya mifugo kwenda majini. Mtafuteni mzee wa mji, mmwamkie, mwombe mahali. Ndiye atakayewaambia kiboko hupita wapi usiku. Kiboko atokapo mtoni kwenda malishoni hufuata njia yake, na akilikuta gari katikati hatarudi nyuma kwa heshima. Ukingoni pa mto kuna mamba pia; basi msiegeshe hapo, wala msichote maji gizani.

Ufukoni nako kuna hesabu yake. Mgeni huona mchanga mkavu akalala, hajui kama ni siku za maji mafu au za bamvua. Bamvua likija, mchanga ule wa jana ni bahari. Na mwendao Lamu, gari huachwa Mokowe. Kisiwani hamwingii nalo.

Kuhusu maji machafu na choo, nitasema kwa ufupi lakini kwa nguvu. Msimwage kitu mtoni. Walio chini yenu wanakunywa. Chimbeni shimo lisilopungua hatua arobaini toka majini, mfukie. Na maji ya kunywa myachemshe, au myatie dawa, hata yakiwa meupe.

UMEME

Gari liwe na betri mbili: moja ya kuwasha injini, moja ya taa na vyombo vya ndani, nazo zitenganishwe. Mwenye betri moja atasikiliza redio usiku, na asubuhi atasukuma nyumba yake. Betri ya kawaida ya maji isitumiwe kupita nusu ya nguvu zake, la sivyo itakufa upesi. Betri ya ampea 100 kwa saa basi ihesabiwe kuwa ni 50. Jokofu dogo likila ampea 4 kila saa, kwa saa 12 limekwisha kula 48. Ndiyo maana wenye busara huweka vioo vya jua juu ya paa. Na kila waya uwe na fyuzi karibu na betri, maana waya usio na fyuzi huteketeza gari hata mwenyewe asijue moto umetoka wapi.

HEWA

Sasa nafika katika jambo lililonileta. Naomba mnisikilize.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mvua za vuli, tulikuwa watu watano katika gari la namna hii: maofisa wawili, dereva, mpishi, na mimi. Usiku ulitukuta karibu na mto, mvua inanyesha. Mbu walikuwa wengi mno. Tukatafuta vyandarua, havimo. Kila mmoja alidhani mwenziwe amevipakia. Tukafunga madirisha yote, na tundu za hewa tukaziziba kwa matambara. Mpishi akaona mvua itamzimia makaa yake, akaliingiza jiko ndani, makaa yamefunikwa kwa jivu. Moshi hapakuwa. Joto lilikuwa zuri. Tukalala.

Karibu na alfajiri mmoja wa wale maofisa aliamka kwenda haja. Alifika mlangoni, akaufungua, akaanguka nje kama gunia. Kishindo chake kiliniamsha. Kichwa kiliniuma kupita kiasi, nikataka kusimama, miguu ikakataa. Nikatambaa kuufuata ule upepo wa mlangoni. Tuliwavuta wenzetu nje mmoja mmoja, kwa shida. Mpishi hakuamka mpaka tulipofika hospitali, na alikaa huko siku mbili. Mungu alituhurumia, sote tukapona. Lau yule ofisa angalilala saa moja zaidi, nisingalikuwa hapa leo.

Makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Humlevya taratibu katika usingizi. Makaa yaliyofunikwa jivu huitoa vilevile, hata moshi usipoonekana. Na jiko la gesi au la mafuta laweza kuitoa pia, hewa ikiwa haitoshi. Basi jiko la makaa lisiingie garini kamwe, hata likiwa linazimika, wala jiko lolote lisitumiwe kupasha joto wakati wa kulala. Tundu mbili za hewa, moja juu na moja chini, ziwe wazi daima, zikiwa na wavu wa kuzuia mbu. Ile ya chini ina kazi nyingine: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni, sharti ipate pa kutokea. Fungeni mtungi kabla ya kulala na kabla ya kuondoka, na mpira wake mujaribu kwa povu la sabuni, wala si kwa kiberiti. Siku hizi kuna kengele ndogo inayolia hewa hiyo ya sumu ikitokea. Mwenye gari la nyumba aitafute kabla ya kutafuta redio.

Lakini sikuwaeleza kisa hiki kwa ajili ya makaa peke yake. Maneno ya kuonya juu ya hatari hiyo yalikuwamo katika kijitabu ambacho nilikifasiri mimi mwenyewe, mwaka uliotangulia. Niliyajua. Nililiona jiko likiingia. Nikanyamaza, kwa sababu niliwaza kwamba mimi ni mkalimani tu, wakubwa wapo. Dereva naye alisema baadaye ya kuwa kazi yake ni usukani, ya ndani hayamhusu. Maofisa walidhani mpishi anajua jiko lake. Husemwa kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi tulikuwa watano, wala nahodha hatukuwa naye hata mmoja.

Kwa hiyo, ninyi vijana wawili mlioniuliza, kabla ya kung'oa kiti cha kwanza, chagueni nani kati yenu atakuwa nahodha. Awe ndiye mwenye daftari la uzito, la matairi, la mafuta na la gesi. Asubuhi alizunguke gari lote kwa miguu kabla ya kuwashwa. Usiku awe wa mwisho kulala: atazame mtungi umefungwa, jiko liko nje, tundu ziko wazi, na vyandarua vimo. Na yeyote garini, awe mtoto, awe mgeni, awe na ruhusa ya kumwambia, "Nahodha, hapa naona kasoro," bila kukemewa.

Mkifanya hivyo, gari lenu litawafaa miaka mingi. Nawatakieni safari njema.